Kugombea kwa Msumari Mmoja

Chama kilinichagua mimi kwa sababu mtu waliyemtaka alikuwa amehamia Kolwezi. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na bado nilirudi nyumbani kifua mbele, nikawapa mkono hata majirani ambao kwa kawaida nawapungia tu. Kiti chenyewe kilikuwa cha diwani wa komini, konseye kama tunavyosema kwetu, wala si cha ubunge. Lakini mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Nimezoea kusema mbele ya watu wasio na ruhusa ya kutoka, na nilidhani siasa ni kitu cha namna hiyo hiyo.

Tunakaa Annexe, pembeni mwa Lubumbashi, upande ambao lami imekwisha na nyumba zinachanganyika na mashamba ya mahindi. Mimi nilizaliwa Makomeno, mtoto wa mfanyakazi wa reli, katika nyumba ya matofali yenye bomba la maji uwanjani, na kwa miaka mingi nilikuwa nawakumbusha watu jambo hilo bila wao kuuliza. Mke wangu halikumgusa hata kidogo. Tulipopata kiwanja huku pembeni, mimi nilitazama jinsi kilivyo mbali na mjini, yeye akatazama kijito kinachopita chini yake, akasema hapa tutakula. Akaanza kulima. Kando ya kijito kile kulikuwa na wanawake wengine wengi, kila mmoja na matuta yake ya mchicha, lengalenga kama tunavyouita, matembele na vitunguu, na mboga zao ndizo zilizokuwa zinauzwa katika soko letu lote. Mshahara wangu ulikuwa unakuja siku unayotaka wenyewe. Watoto wetu wamesomeshwa na lengalenga, ingawa katika hotuba zangu nilipenda kusema wamesomeshwa na mwalimu.

Kisha, juu ya kijito, ikajengwa usine, kiwanda cha kuosha madini. Kwanza wakapotea samaki wadogo ambao watoto walikuwa wanawavua kwa chandarua. Halafu tope la kando likaanza kuwa na rangi ya kijani, na siku nyingine maji yenyewe yalikuja na rangi ambayo mimi niliizoea ndani ya chupa za laboratwari ya shule, si shambani. Matuta ya karibu na maji yakatoa majani ya njano. Wanawake wakapandisha matuta yao juu kidogo, lakini maji ya kumwagilia wakaendelea kuchota pale pale, maana mengine hayakuwepo. Tulikwenda getini kuuliza, na mlinzi akatujibu kwa adabu kwamba wakubwa hawapo. Tulikwenda tena na tena, na kila mara wakubwa hawakuwepo, ingawa magari yao yalikuwa yameegeshwa kivulini.

Hilo lilinichoma kweli. Nikimtazama mke wangu akiinama na ndoo yake juu ya maji yale, nilikuwa napandwa na hasira, na hasira ile ndiyo kitu pekee safi nilichoingia nacho katika siasa. Mengine yote, suti, picha, kusalimia watu ovyo, yalikuwa ni majivuno tu.

Kuhusu picha, mpiga picha aliniomba nicheke. Nilikataa. Nilimweleza kwamba mambo ya mazingira ni mambo mazito na mgombea makini hachekicheki. Mabango yalipotoka, mke wangu aliyatazama kwa muda, akasema nafanana na mtu wa umeme aliyekuja kukata waya. Nilinuna siku nzima. Baadaye nikapita mbele ya bango moja barabarani, nikaona kwamba hata mimi nisingemfungulia mlango mtu yule.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa mwenye depo ya bia, mtu mnene, mchangamfu, anayejua majina ya watoto wa kila mtu. Alikuwa na kalanda za ukutani, alikuwa na tisheti, alikuwa na karavani ya magari yenye vipaza sauti. Hotuba hakuwa nayo kabisa. Alishuka garini, akakumbatia watu, akasema "tuko pamoja", akapanda gari. Nilimdharau sana, na usiku nililala nikimwonea wivu.

Mimi nilikuwa na chupa. Ilikuwa chupa ya plastiki niliyoijaza maji ya kijani kwenye mfereji unaotoka chini ya bomba la usine, pale ambapo rangi imekolea zaidi. Nilisimama kando ya barabara nimevaa suti, nikaiinua chupa juu, nikaanza kufafanua habari za salfati. Nilikuwa nimesahau nakaa mji gani. Lubumbashi, mtu aliyevaa suti anayeinua chupa ya maji barabarani na kupaza sauti si mgombea, ni nabii. Siku ya pili mama mmoja alipiga magoti mbele yangu akaniomba nimnyunyizie kidogo, alikuwa na maumivu ya mgongo. Nilimwambia hapana, mama, maji haya ni sumu. Alinyanyuka haraka akaenda zake, na kufika jioni mtaa wote ulikuwa umesikia kwamba kuna nabii mpya anayewanyunyizia watu sumu.

Kampeni ilikuwa inasimamiwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwenye matumaini mengi kuliko akili. Yeye alitaka niseme wazi kwamba mboga za kijito zinaua. Watu wanaogopa kitu kinachoingia mdomoni, alisema, na mtu anayeogopa hupiga kura. Mke wangu alimsikia kutoka jikoni. Akaja mlangoni akifuta mikono, na hakumtazama kaka yake, alinitazama mimi.

"Baba, ya usine sema yote," aliniambia. "Ya mboga usiseme. Siku bantu bakisikia mboga yetu iko na sumu, hakuna mwenye atayikula tena, na siye tutaishi na nini?"

Nilimwahidi. Na nataka ijulikane kwamba ahadi ile niliishika. Katika kampeni nzima neno mboga halikutoka mdomoni mwangu, na nilijiona mwanasiasa mwenye busara kweli, mtu anayejua kupima maneno. Kilichobaki ni kutafuta njia ya kuwaonyesha watu ubaya wa maji bila kuigusa lengalenga, na njia hiyo niliipata darasani, nikiwa nawafundisha wanafunzi kitu ninachofundisha kila mwaka. Ukitia chuma safi ndani ya maji yenye shaba iliyoyeyuka, shaba inatoka majini na kukivaa chuma kile. Unatia msumari mweupe, unautoa mwekundu. Hakuna mwanafunzi asiyefungua macho akiona hivyo, hata wale wa nyuma wanaolala.

Basi nikaenda sokoni, pale mabasi yanapogeukia, siku ambayo watu ni wengi. Niliomba meza ya mama anayeuza sabuni, nikamimina maji ya kijani ndani ya bilauri, nikafunga msumari mpya kwenye uzi, nikauonyesha kwa kila upande jinsi unavyong'aa, nikautumbukiza. Kisha nikaanza kusema huku tukingoja. Kwa mara ya kwanza watu walininyamazia. Hata mpishi wa mihogo aliacha kugeuza mihogo yake. Nilipoona muda umetosha niliuvuta uzi polepole, na msumari ukatoka umevaa wekundu kutoka ncha mpaka pale uzi ulipoishia.

Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kufuata. Ilikuwa sentensi nzuri, kuhusu watoto wetu wanaooga katika maji haya. Sikuifikia. Mtu mmoja aliyesimama mbele, mwenye viganja vipana vya kuchimba, aliunyakua msumari mkononi mwangu. Aliukwaruza kwa ukucha, akaunusa, akaugeuza kwenye mwanga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu kwa heshima:

"Mukuba."

Mukuba ni shaba. Ndilo neno letu, na hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyelijua, maana mji wenyewe umejengwa juu yake. Kila mtu hapa ana baba, mjomba au kaka aliyeichimba, kwa mashine ya kampuni au kwa nyundo na tindo. Mtu wa mji mwingine angeona msumari ule akafikiria maini yake na figo zake. Watu wetu waliona shaba inapita bure kijitoni, bila mlinzi. Na mimi, niliyezaliwa hapa, niliyelelewa hapa, niliyefundisha hapa maisha yangu yote, sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka nyuma ya soko. Wakanishangilia. Wakanibeba begani. Nikiwa juu ya mabega ya watu, suti imenikunjamana mpaka kwapani, niliamini kwa moyo wote kwamba wananchi wameamka. Nilifika nyumbani sauti imekauka na kichwa kimevimba, nikamweleza mke wangu kwamba kampeni imegeuka, watu wameelewa. Aliuliza wameelewa nini. Nilimjibu kwamba wameelewa hali ya maji yao.

Asubuhi walikuwa kijitoni. Vijana wa kuchimba kwa mikono, ambao migodi imewafukuza huku na huku, walikuwa wamekuja na kila chuma walichokipata, vitanda vibovu, rimu za magari, sufuria zilizotoboka, hata geti zima la nyumba ya mtu. Ili maji yatulie juu ya chuma walikuwa wamechimba mifereji, na mifereji ile ilipita katikati ya matuta. Matuta ya mke wangu ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na njia. Vitunguu vilikuwa vimelala chini ya udongo, na yeye alikuwa amesimama na ndoo yake.

Vijana waliponiona walifurahi sana. Walikuwa wameshanipa jina, Papa Musumari. Wakanionyesha kazi yao, na mmoja akaniuliza kwa nini chuma chake hakishiki shaba haraka kama msumari wangu. Hapa lazima niseme ilivyokuwa. Nilimjibu. Mwalimu akiulizwa swali zuri ulimi wake haungoji ruhusa. Nilimweleza kwamba chuma chenye kutu hakifai, kutu lazima ikwanguliwe kwanza, na kwamba maji yakitulia ni bora kuliko yakipita mbio. Alinishukuru, akaanza kukwangua. Nilipoinua macho niliona mke wangu amesikia kila neno kutoka ng'ambo ya kijito.

Kuanzia siku ile nilikuwa mtu mkubwa. Watu walivaa misumari shingoni kwa nyuzi. Nikipita barabarani vijana waligonga vyuma vyao, wakanisindikiza, na ikawa kama nami nina karavani. Shemeji alikuwa haamini macho yake. Alinieleza kwamba kila mmoja wa vijana wale ana kura yake, ana mama, ana kaka, ana wenzake wa kukaa nao, na kwamba nisithubutu kuwagusa kabla ya siku ya uchaguzi. Nilisema sitawagusa. Nilijiambia kwamba nikishakuwa diwani nitaliongea jambo hili kwa mamlaka, kwenye meza yenyewe, kwa utaratibu. Ni ajabu jinsi maneno kama utaratibu yanavyokuja yenyewe mtu akishaanza kupenda kushangiliwa.

Mvua zilikuwa zimechelewa mwaka ule, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuwafukuza vijana kijitoni. Kila siku kipande kingine cha shamba kiliondoka. Wanawake walikuja nyumbani kwangu, wakakaa barazani, wakasema wamekuja kumsalimia konseye wao. Hawakulalamika. Walizungumza habari za jua na za bei ya mbegu, halafu wakaningoja mimi niseme. Nikawapa hotuba juu ya haki ya jamii, kwamba hata vijana wale ni maskini, hata wao usine imewaacha nje, hata wao wana watoto. Ilikuwa kweli tupu, na kwa sababu ilikuwa kweli ndiyo maana ilinifaa kama kimbilio. Waliniitikia kwa vichwa, wakaaga, wakaenda.

Mke wangu alingoja mpaka walipotoka. Alikuwa anachambua mboga zilizobaki, fungu dogo ambalo zamani asingejisumbua hata kulipeleka sokoni.

"Baba," alisema, "miye siombe unitetee mu konsei. Ninaomba utoshe bale bantu mu lengalenga yangu."

Nilimwambia nitawaondoa, angoje kidogo tu, uchaguzi upite.

"Kiisha uchaguzi hakutakuwa tena kitu ya kutetea," alinijibu, na akaendelea kuchambua.

Hakugomba. Angegomba ningejibu, maana mimi ni mtu wa kujibu. Nilibaki nimekaa pale barazani na aibu inanipanda kutoka miguuni. Huyu ndiye mwanamke niliyesema nagombea kwa ajili yake. Nilikuwa nimetaja mikono yake, mikono ya mama zetu, katika kila hotuba, na mikono yenyewe ilikuwa mbele yangu inatafuta majani mazima katikati ya majani yaliyovunjika.

Kesho yake nilivaa suti nikaenda kijitoni. Nilifikiri suti itasaidia. Hatua za mwanzo tu nilizama kwenye tope mpaka chini ya goti, na kiatu kimoja kikabaki huko huko. Nikasimama hivyo, mguu mmoja na soksi, nikaanza kusema. Nilianza na sheria. Nikaingia kwenye mazingira. Nikagusa umoja wa wanyonge. Vijana walinisikiliza kwa upendo kabisa, wengine wameegemea makoleo yao, kama watu wanaosikiliza mahubiri kwenye harusi wakingoja chakula. Mmoja alikuwa ameinua simu yake juu, nikadhani anatafuta mtandao.

Nilipomaliza, yule mwenye viganja vipana, aliyeuchukua msumari wangu wa kwanza, alinijibu kwa adabu.

"Prof, siye hatuna mali mingi. Weye njo ulituonyesha mukuba. Kama iko, hatutoke. Kama haiko, tutatoka sasa hivi. Iko ao haiko?"

Wanawake walikuwa wameacha kila walichokuwa wanafanya. Mke wangu alikuwa miongoni mwao.

Jibu nililijua. Shaba ipo, ya kutosha kuua samaki na kugeuza jani kuwa njano, lakini si ya kutosha kumlisha mtu, labda pale pale chini ya bomba, na pale walinzi wa usine hawataruhusu mtu kukaa. Hilo ni jibu la ubaoni, refu, lina lakini katikati. Nilijaribu. Nilisema, "Iko, lakini," na waliposikia iko tu, migongo ikainama, makoleo yakaingia udongoni. Koleo moja liliingia kwenye tuta la mwisho la mke wangu lililokuwa bado zima.

"Haiko," nikasema kwa sauti kubwa. "Hii maji haina kitu. Ule musumari niliupaka miye mwenyewe ku laboratwari."

Makoleo yakasimama. Yule kijana alinitazama usoni muda mrefu, akitafuta kama natania, na mimi nikakaza uso ule ule wa kwenye bango. Akavua msumari shingoni mwake akautupa majini. Wakaanza kuvuta vyuma vyao. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Mmoja tu, akipita na kitanda chake mgongoni, alisema kwamba alidhani walimu hawachezei watu. Kabla ya saa sita kijito kilikuwa kitupu, na wanawake walikuwa wamepiga magoti wanainua matuta yao kwa mikono. Niliomba jembe. Mke wangu akanipa, akanionyesha pa kuanzia. Nilifanya kazi mpaka jioni, suti yote tope, na nilikuwa na furaha ambayo sikuipata hata juu ya mabega ya watu.

Furaha ile ilidumu mpaka karavani ya mpinzani wangu ilipopita. Simu iliyoinuliwa juu haikuwa inatafuta mtandao. Kutoka kwenye vipaza sauti vya depo ya bia niliisikia sauti yangu mwenyewe, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia, ikisema hii maji haina kitu, musumari niliupaka miye mwenyewe. Halafu muziki. Halafu tena sauti yangu. Ilikuwa ndiyo hotuba yangu fupi kuliko zote na ndiyo iliyosikika na watu wengi kuliko zote. Watoto wa mtaa waliishika kwa moyo, na shuleni nikigeukia ubao nilisikia inanong'onwa nyuma yangu.

Uchaguzi ulikuja. Watu walipanga mstari mbele ya mashine ya kupigia kura, na ndani ya mashine ulikuwemo uso wangu wa kukata umeme, mdogo, unaongoja kuguswa. Haukuguswa sana. Shemeji alidai mashine iliharibika. Niliwauliza wanawake wa kijitoni, kwa mzaha, kama hata wao mashine yao iliharibika. Walinijibu kwa heshima yote kwamba hapana, ilifanya kazi vizuri, na kwamba walimpigia mwenye depo ya bia, kwa sababu yeye hajawahi kuleta watu katika mashamba yao. Hata mimi, ningekuwa na matuta, ningefikiria hivyo hivyo.

Mvua zilikuja, zikapita. Kiangazi kilipoingia kijito kilipungua na rangi ya kijani ikarudi, kali kuliko mwanzo. Watu wanaokaa chini zaidi walianza kulalamika kwamba mbuzi wao wanakufa wakinywa pale, na komini ikaitisha mkutano. Nikaitwa. Afisa aliyeniita alisema wanahitaji mtu mwenye kujua kemia. Nilipeleka suti kwa dobi, na nitakuwa mwongo nikisema sikujitazama kwenye kioo. Niliona hatimaye mambo yamekuja kwenye njia yake, chumba chenye meza, watu wachache, wakati wa kutosha wa kusema lile jibu refu na lakini yake yote. Njiani nililipanga kichwani. Lilikuwa jibu zuri.

Mezani alikuwepo afisa yule wa komini, mpinzani wangu ambaye sasa alikuwa diwani na alinikumbatia kama ndugu, na bwana mmoja kutoka usine mwenye viatu visivyo na vumbi. Nyuma, kwenye benchi la ukutani, walikaa wanawake wa kijitoni. Mke wangu alikuwa mwisho wa benchi, karibu na mlango. Niliweka chupa yangu mezani, maji ya asubuhi ile, ya kijani kabisa. Kabla sijafungua mdomo bwana wa usine aliweka simu yake kando ya chupa, akaigusa, na sauti yangu ikajaza chumba. Aliirudisha simu mfukoni, akakunja mikono.

Nilisema naweza kueleza. Afisa wa komini aliniinulia kiganja, si kwa ubaya, na alionekana mtu aliyechoka.

"Prof, tusikilizane," alisema. "Ukisema maji iko na sumu, leo leo tunafunga mashamba ya bamama, sababu hatuwezi acha bantu bakule sumu. Ya usine, tutaandika ku Kinshasa, tutangoja. Ukisema haina kitu, bamama banarudia ku kazi yabo. Unasema nini?"

Nilimtazama yule diwani, akatazama saa yake. Niligeuka nyuma. Wanawake wote walikuwa wananiangalia usoni, na walikuwa wananiomba, bila kusema, kitu kile kile ambacho mke wangu aliniomba barazani, niwaokolee matuta yao. Maji ya kijani yalikuwa pale mezani, kila mtu anayaona. Mbuzi walikuwa wamekufa kweli. Jibu langu refu lilikuwa limepangwa vizuri kichwani, na kila sentensi yake ilikuwa sahihi, na mwisho wa kila sentensi kulikuwa na mwanamke asiye na shamba. Nilikasirika mpaka macho yakanilowa, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda.

"Haina kitu," nikasema.

Afisa aliandika. Bwana wa usine alinishukuru kwa ushirikiano wangu. Kwenye benchi wanawake wakapiga makofi, makofi ya kweli, ya moyoni, mpaka mlinzi wa mlangoni akachungulia. Mke wangu hakupiga. Aliinuka kabla ya wengine, akafunga vizuri kitambaa chake, akatoka, maana jua lilikuwa limeshapanda na matuta yake yalikuwa bado hayajamwagiliwa.